Besi la Masalu Juu ya Toroli

Shida zangu zilianza mwaka 1970, nikiwa na miaka minane. Mwaka huo baba alifariki kule Urambo, shangazi akanipakia kwenye treni ya kuja Mwanza pamoja na magunia ya karanga, na tulipofika nadhani alihakiki karanga kwanza, mimi baadaye. Darasa la pili niliishia njiani. Sikulirudia, na lenyewe halikunitafuta.

Nawaambia haya ninyi vijana mnaopanda hapa Mkuyuni kuniomba niwafundishe tarumbeta, mkidhani nitaanza na nota. Nota sizijui. Nimepiga dramu kubwa kwenye harusi za watu miaka arobaini na ushee, nimewaoza watu nikaja kuwaoza watoto wao, na sijawahi kuona nota ikimsaidia mtu kukwepa waya wa umeme.

Tuanze na huo waya. Mnapopanda kirikuu, kale kagari ka mizigo, kusindikiza maharusi, mpuliza besi anakaa nyuma kabisa, maana lile besi, lile libomba kubwa linalomzunguka mtu kama chatu, mdomo wake unapita juu ya kichwa. Dereva haangalii juu. Bwana harusi haangalii kitu chochote. Kwa hiyo lazima awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama mbele na kupiga kelele "Inama!" Mtu huyo asipewe soda kabla hamjafika. Nimesema.

Jambo la pili ni viatu vya bibi harusi. Hili alinifunza Mzee Faustini, Mjita mmoja mfupi aliyeniokota kwenye karanga zangu pale stesheni akaniambia, "Binti, una mikono ya kutwanga, njoo unitwangie dramu." Alikuwa akisema dramu haisikilizi mkono, inasikiliza mguu wa bibi harusi. Ukiona viatu vinambana, punguza mwendo, usimtese mtoto wa watu. Akivivua, kaza. Mimi mpaka leo nikikutana na mtu namwangalia miguu kwanza, ndipo nasema marahaba.

Kuosha chombo: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa kwenye uzi, vuta. Vali zinapakwa mafuta ya cherehani. Siyo mafuta ya kula! Yupo kijana alipaka alizeti, sisimizi wakahamia humo ndani na familia zao, na siku ya harusi akapuliza, wakatoka wakamwingia MC kwenye kola. Kabla ya kazi hakuna andazi, chembe zinaziba bomba. Hakuna dagaa wa pilipili, mdomo utawaka na tarumbeta italia kama mbuzi. Na baada ya kila safari ya nyimbo, mwaga mate. Tarumbeta inajaa mate, msione haya, ndiyo kazi. Lishikeni hilo la mate, nitalirudia.

Sasa turubai. Siku moja tulikodiwa harusi Kisesa. Mwenye harusi akatuelekeza: mkipita mashine ya kukoboa, kulia, mtaona turubai la bluu na viti vyeupe. Tukapita mashine, tukakata kulia, turubai hilo hapo, viti hivyo hapo, nyuma sufuria zinafuka moshi. Tukaruka kutoka kwenye gari tumeshaanza kupiga. Tukaingia tunacheza, mabega yanakwenda. Naona watu wameketi chini kwenye mikeka, wanawake wamejitanda kanga kichwani. Nikawaza, hawa ni watu wa dini sana. Nikapiga dramu kwa nguvu zaidi niwachangamshe.

Ndipo nikaliona jeneza.

Tarumbeta zikafa moja moja. Alibaki Masalu, mpuliza besi wetu, maana Masalu alikuwa akipuliza lazima afumbe macho. Akaendelea peke yake, puu, puu, puu, analizunguka jeneza taratibu kama ng'ombe wa mashine ya miwa. Tulimwita kwa minong'ono. Hakusikia. Masalu akiwa ndani ya besi alikuwa hasikii hata radi.

Akasimama mzee mmoja na fimbo yake. "Ninyi ni akina nani?"

Kwa akili ya haraka niliyopewa na Mungu nikajibu, "Mimi ni Mnyamwezi."

Yule mzee Msukuma akanitazama. "Mtani?"

"Mtani."

"Kumbe ndiyo maana huna adabu!" Akageukia watu. "Jamani, ni watani wamekuja!"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Kwa wale mliozaliwa na simu mkononi, niwaeleze: sisi Wanyamwezi na Wasukuma ni watani tangu mababu. Kwenye msiba wa mtani wako unaruhusiwa kituko chochote. Unamwigiza marehemu, unavaa koti lake, unajilaza karibu na kaburi ukidai umechoka kusubiri zamu yako. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Wakicheka, kifua kinafunguka, na kilio kinapata njia ya kutoka. Mjane mwenyewe akatuomba tuendelee, akasema marehemu alichukia kimya. Harusi yetu ilikuwa nyumba ya pili. Bibi harusi aliingia kwenye turubai lao kwa muziki uliotoka ng'ambo ya ua, kwenye msiba wa jirani, na hakuna aliyelalamika.

Huyo Masalu ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Alikuwa Msukuma wa Bujora, mwembamba kama mpini wa jembe. Ukimwona ndani ya besi ulidhani besi limemmeza na limebakiza miguu. Mkewe alitangulia mbele ya haki mtoto wao akiwa hajaota meno, akabaki yeye na binti huyo, Kabula, huko juu kwenye majabali ya Mkuyuni, nyumba imebanwa katikati ya mawe mawili kama andazi kwenye koleo. Kila tulipotoka kazini, gari lilimshusha chini ya mlima. Kabla hajaanza kupanda, alipuliza mara moja: puu. Nene, ya chini kabisa. Sisi tukasema anamwaga mate. Miaka yote tulisema hivyo. "Masalu, mate yako yana sauti nzito." Akacheka, akapanda.

Masalu akapata homa wiki moja kabla ya Pasaka, na Pasaka hakuiona.

Tukamzika Bujora. Mama yake, Bibi Milembe, akanishika mkono: "Nyamizi, mnazika watu msiowajua kwa ngoma na vigelegele. Mwanangu mtamzika kimya?" Nikatazamana na wenzangu. Kundi letu halikuwa na wimbo hata mmoja wa huzuni. Tulijua za kuingia ukumbini, za kukata keki, za kumtoa bibi harusi kwa shangazi. Tukachagua wa keki, tukaupiga polepole sana. Mama mmoja aliyezoea harusi, machozi yanamtoka, akajikuta amenyoosha mkono kama aliyeshika kisu. Mimi, kwa wajibu wangu wa mtani, nikavaa koti la Masalu, nikaingia kwenye besi, nikafumba macho, nikalizunguka kaburi nikipuliza hewa tu, mpaka nikajikwaa nikakaa kwenye udongo. Watu wakacheka, wakalia, wakacheka tena.

Kabula hakucheka. Hakulia pia. Alikuwa na miaka tisa, ameketi mkekani, macho yake kwenye lile besi.

Tangu siku hiyo akanyamaza. Bibi yake akahama Bujora kuja kukaa naye Mkuyuni. Shuleni akiitwa jina ananyoosha mkono tu. Ugali anaupanga pembeni mwa sahani, samaki anamtazama, uji anaramba. Wakaja watu wa maombi wakaomba kwa sauti kubwa, akawasubiri wamalize. Mjomba wake wa Magu akaleta dawa ya mizizi. Mtoto akainywa, akanyamaza vilevile, ila bibi aliyeionja kujaribu akaharisha. Akaniita.

"Nyamizi, mtoto anakauka. Anakauka kama dagaa juu ya mwamba. Nimemzika baba yake, sina nguvu ya kumzika na huyu."

Nikasema, "Usiseme maneno hayo." Lakini nilikwenda kumwangalia miguu yule mtoto. Viatu vya shule vilikuwa vikimpwaya. Mtoto wa miaka tisa viatu havimpwayi, vinambana. Hapo nikaogopa kweli.

Sasa, besi lilikuwa bado nyumbani kwao. Jumamosi tulikuwa na kazi, nikapanda kulichukua. Nakuta limesimamishwa kwenye kona, mdomo juu, na ndani ya mdomo amelala kuku. Siku zote za matanga kuku huyo alikuwa ametafuta mahali pa utulivu pa kutagia, akapaona hapo. Nikasema shh, toka. Akanidonoa. Nikalishika besi nivute. Kabula akatoka chumbani mbio, akalishika upande wa pili.

Nikavuta. Akavuta. Kuku akapiga kelele.

Mimi si mtu wa kubembeleza, mnanijua. Nikamwambia, "Haya, kama unataka likae, lipulize! Besi haliwekwi ndani kama kabati." Nilidhani namnyamazisha, na kumbe ameshanyamaza. Akaweka mdomo. Akavimbisha mashavu. Ikatoka.

Puu.

Ileile ya chini. Kuku akaruka mpaka juu ya kenchi ya paa, yai likanidondokea begani, likapasuka. Bibi Milembe alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko, akamwangalia mjukuu wake, akaniangalia mimi ninavyochuruzika, akasema, "Liache hapo hapo."

Tangu hapo, kila jioni alilipuliza mara moja tu. Kisha anainamisha kichwa, anasikiliza, kama mtu aliyebisha hodi. Akichoka kusikiliza anaingia ndani. Majirani wakateseka. Mmoja alishuka mlima na begi mkononi akikimbilia bandarini, akidhani meli inaondoka. Kuku naye akazoea: akisikia puu anakuja mbio, maana ameona hiyo ndiyo sauti ya nyumba yake.

Nikawaza: mtoto huyu hali, hasemi, halii, lakini anapuliza. Basi hapo pana mlango, ingawa ni mdogo. Nikamwambia bibi, "Jumamosi namchukua." Bibi akasema, "Kwenye harusi? Mtoto wa msiba?" Nikamwambia, "Mimi nimeingiza harusi kwenye msiba. Sasa naingiza msiba kwenye harusi. Tutakuwa sare."

Besi lilikuwa zito kuliko yeye. Tukaliweka kwenye toroli la kubebea mchanga, tukaliegemeza kwa mito, yeye akakaa katikati ya bomba, na kuku akapanda bila kualikwa. Mpiga kidogodogo, zile dramu ndogo, ndiye aliyesukuma, huku akizipiga kila tunaposimama. Askari wa barabarani akatusimamisha pale Mkuyuni.

"Mama shikamoo. Hiki ni nini?"

"Marahaba. Ni besi."

"Na huyu?"

"Mpulizaji."

"Na kuku?"

Nikafikiri. "Anasindikiza."

Askari akalizunguka toroli, akatafuta kosa, akalikosa. Akasema, "Nendeni, lakini mwambieni avae kitu cha kuakisi mwanga." Hatukujua anamwambia nani. Tukamfunga kuku utepe.

Tatizo lilikuwa moja: Kabula alijua sauti moja, na hakutaka kufundishwa ya pili. Nilimwonyesha vali, akanitazama kama ninavyowatazama ninyi mkitaja nota. Basi tukafanya kinyume. Nyimbo zetu zote tukazihamisha, tukazipanga zimzunguke yeye kama nyumba inavyozunguka nguzo. Hili ni fundisho, lishikeni: mwenye sauti moja usimwambie anyamaze mpaka apate mbili. Wewe mwenye nyingi ndiye wa kuhama.

Ila hatukuweza kumwambia apulize lini. Alipuliza anapotaka, na alitaka pakiwa kimya. Kwenye ndoa moja tulikuwa mlangoni mwa kanisa tunasubiri maharusi watoke. Mchungaji akauliza kama yupo mwenye pingamizi aseme sasa au anyamaze milele. Kanisa likawa kimya.

Puu.

Bwana harusi akakaa chini. Mchungaji akavua miwani: "Pingamizi hilo ni la nani?" Mama mkwe tayari amesimama, anatazama wanawake wote mmoja mmoja. Ilibidi niingie mpaka mbele na fimbo yangu ya dramu nieleze kwamba ni mtoto, ni besi, na hana neno lolote na bwana harusi. Mama mkwe hakuamini mpaka alipoonyeshwa toroli.

Wenzangu wakaanza kunung'unika. "Mama, tutakosa kazi." Nikawaambia kundi ni langu, dramu ni yangu, na toroli pia ni langu. Lakini ndani nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Viatu vya yule mtoto vilikuwa bado vinapwaya.

Ikaja harusi nyingine ya Kisesa. Ukumbi mkubwa, watu wamejaa, nyuma ya ukumbi jiko. Mpishi alikuwa Mama Zuhura, mama wa mjini, babu Mmanyema, bibi Mwarabu wa Tabora, mwenyewe ukimuuliza kabila anakuambia pilau. Pilau ya Mama Zuhura mnaijua: inafunikwa, juu ya mfuniko yanawekwa makaa, ipate moto juu na chini. Ikiiva, anakung'uta majivu kwenye mfuniko kwa kuugonga mara mbili kwa mwiko wa chuma.

Bibi harusi alikuwa yatima wa baba. Meza kuu waliacha kiti kimoja kitupu, juu yake kofia ya marehemu. MC akasema, "Wapendwa, tutulie, mama wa bibi harusi ana neno." Ukumbi ukatulia. Mama akashika kipaza sauti. Mimi nikageuka kumkazia Kabula macho. Nikachelewa.

Puu.

Na kutoka jikoni, palepale: kwa-kwa.

Kabula akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Akainamisha kichwa. Akapuliza tena. Mama Zuhura alikuwa amefika sufuria ya pili, hana habari na mtu: kwa-kwa.

Mtoto akajichomoa kwenye besi. Toroli likapinduka, besi likadondoka kwa kishindo, kuku akapita juu ya meza kuu, na Kabula akakimbia katikati ya watu mpaka jikoni. Mimi nyuma yake. MC nyuma yangu, na kipaza sauti amekipokonya akakisahau mkononi, hajakizima.

Tukamkuta amesimama mbele ya Mama Zuhura, anatazama ule mfuniko, kisha anachungulia nyuma ya sufuria, moja baada ya nyingine. Kisha akafungua mdomo. Sauti ilikuwa imekauka, kama mlango wa siku nyingi.

"Huo mlio ni wangu."

Mama Zuhura akasema, "We mtoto, mfuniko huu nimeununua mwenyewe."

"Ni wangu! Baba akifika chini alikuwa anapuliza, mimi nikisikia nagonga mfuniko, kwa-kwa, ndiyo anajua niko macho, ndiyo anapanda. Sasa napuliza mimi. Napuliza kila siku. Hakuna anayegonga."

Vijana, mate yale hayakuwa mate.

Miaka yote nilisimama chini ya mlima ule, masikio haya ninayojivunia, na sikuwahi kuusikia mfuniko kule juu, kwa sababu tulikuwa tunacheka mate.

Kabula akakaa kwenye majivu akalia. Akalia kwa sauti yote aliyoiweka tangu Pasaka. Na MC na kipaza sauti chake amesimama juu ya kichwa chake, kwa hiyo kilio kikaenda ukumbini kupitia spika zote. Bibi harusi akasikia "baba". Akatazama ile kofia kwenye kiti. Naye akaanguka kwa kilio. Mama yake akafuata, mashangazi wakafuata, wanawake wa Kisesa wakaweka mikono kichwani, na kwa muda mfupi ukumbi wote ukawa msiba. Mjomba wa bwana harusi aliyetoka Dar akawa anauliza kila mtu, "Amekufa nani? Jamani amekufa nani?" Mwingine akaanza kupitisha kofia ya rambirambi. Ile kofia ya marehemu! MC akarudi mbele, amechanganyikiwa, akatangaza, "Familia inawashukuru kwa kufika, ratiba ya mazishi mtatangaziwa." Bwana harusi ameshika kisu cha keki, hajui akiweke wapi.

Nikaona hapa anatakiwa mtani.

Nikaingia ukumbini na fimbo yangu ya dramu, nikaenda mpaka mbele ya keki, nikajilaza chali sakafuni, gauni la sare na kila kitu, nikakunja mikono kifuani. Nikapaza sauti: "Haya, nizikeni mimi! Mmeshalia vya kutosha, jeneza tu ndilo lililokuwa limekosekana. Lakini fanyeni haraka, pilau inapoa!"

Mzee mmoja mwenye fimbo akauliza kutoka nyuma, "Huyo ni Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi wa Urambo!" nikajibu kutoka chini.

"Msimzike hapa, atatuharibia ardhi!"

Kicheko kikaanza huko nyuma kikaja mpaka meza kuu. Bibi harusi akacheka na kamasi. Nikainua kichwa nikamwona Kabula mlangoni, majivu usoni, machozi yanatiririka, na Mama Zuhura kando yake ameshika mfuniko kama ngao. Vijana wangu walikuwa wameshainua toroli. Mtoto akapanda. Hakuna aliyemwambia.

Akapuliza. Puu.

Mama Zuhura akagonga, kwa-kwa.

Akapuliza tena. Safari hii wapishi wote wakagonga mifuniko. Ya tatu, ukumbi mzima: vijiko kwenye sahani, chupa za soda mezani, yule mzee na fimbo yake sakafuni, kwa-kwa, na bibi harusi kagonga kiti cha baba yake. Nikainuka, nikaingia kwenye dramu. Tarumbeta zikaingia. Ule wimbo wetu wa keki haujawahi kupigwa vile, wala hautapigwa. Keki yenyewe ililiwa na kuku upande mmoja, na hakuna aliyejali.

Jioni ile Kabula alikula sahani mbili za pilau, akaomba ukoko. Mama Zuhura akamfungia na ule mfuniko, akasema, "Chukua. Mimi nitanunua mwingine. Huu ulishakuwa na mwenyewe."

Tulipofika chini ya mlima wa Mkuyuni, bibi yake, aliyekuwa ameshuka kutupokea, akapanda mbele na mfuniko. Mtoto akapuliza. Tukasikia kutoka juu, kwa mikono ya kizee isiyojua mapigo: kwa... kwa. Kabula akaniambia, "Bibi anachelewa." Nikamwambia, "Mfundishe." Akamfundisha. Bibi Milembe akaingia kwenye kundi letu na mfuniko wake, akadai na sare, tukamshonea. Ndipo mtoto akakubali sauti ya pili, na ya tatu. Kufika mwaka uliofuata viatu vilikuwa vinambana.

Sasa Kabula yuko sekondari, Jumamosi ndiye anayeongoza kundi, na anabeba besi begani bila toroli. Kulia bado analia siku nyingine. Alinikuta mara moja namwambia mtoto wa jirani anyamaze, akanigombeza: "Bibi Nyamizi, mwache amalize." Nikanyamaza mimi.

Mimi nimestaafu. Mbavu hazitaki tena kirikuu, na Bibi Milembe ametangulia. Tulimzika kwa mifuniko. Nilivyonavyo leo ni hivi. Nyumba ya vyumba vitatu hapa Mkuyuni, bati jipya upande mmoja. Ng'ombe wawili Kisesa kwa mpwa wangu, anasema watatu, sijamwona wa tatu. Dramu moja imetoboka. Toroli moja, gurudumu zima. Kuku saba wa ukoo wa yule, wote wanataga mahali pasipofaa. Na mfuniko mmoja wa sufuria kubwa, aliouacha Bibi Milembe, umebonyea katikati, sufuria yake sina. Huo siuzi wala siazimi. Kila Jumamosi jioni nakaa nao karibu, mwiko mkononi, maana yule mtoto akishuka kwenye gari hapo chini hapandi mpaka amejibiwa.